TV au projekta? Anza na madirisha ya sebule

Ikifika katikati ya Novemba simu yangu haitulii. Watu wa Dar, wa Mwanza, wengine wako Nairobi, wanajipanga kupanda Moshi kwa ajili ya Krismasi, na kila mmoja anataka kumpelekea mama au mzee kitu ambacho wageni watakiona. Zamani blanketi zito na mfuko wa sukari vilitosha. Siku hizi ni TV. Na miaka ya karibuni swali limebadilika: "Kaka, kwa nini nisimpelekee projekta? Bei inakaribiana na ya TV ndogo, na yeye anapata ukuta mzima."

Naulizwa mimi kwa sababu nafunga mitambo ya picha na sauti kwenye shughuli za huku Kilimanjaro: kipaimara, sendofu, shukrani, na ile misiba ambayo watu wamejaa mpaka migombani na waliokaa mbali nao wanataka kumwona padri. Projekta ndizo zinazolipa ada za wanangu. Ninapomwambia mtu aachane nazo, sisemi kwa kuzichukia.

Mwaka jana shemeji yangu alinipigia akiwa tayari Kariakoo, pesa mkononi.

"Shemeji, hapa kuna projekta imeandikwa lumeni elfu tisa. Nichukue?"

"Sebule ya mama ina madirisha mangapi?"

Kimya kidogo. "Matatu. Manne ukihesabu la upande wa jikoni. Sasa madirisha na projekta vinahusiana nini?"

Vinahusiana sana. Projekta haiwezi kutengeneza rangi nyeusi. Inarusha mwanga tu, na pale panapotakiwa kuwa peusi haina la kufanya zaidi ya kutorusha kitu. Kwa hiyo weusi wa picha yako ni ukuta wako ulivyo wakati projekta imezimwa. Saa nne asubuhi, mlango uko wazi, ukuta wa mama ni rangi ya maziwa. Basi suti ya mtangazaji wa habari itakuwa rangi ya maziwa, na nywele zake pia. TV haina shida hiyo. Kioo chake ni cheusi tangu kilipotoka kiwandani, hata kabla hujachomeka waya.

Tupige hesabu kidogo, maana hapa ndipo maboksi ya Kariakoo yanapowamaliza watu. Picha ya inchi 100 ina upana wa sentimita 221 na kimo cha sentimita 125 hivi. Eneo lake ni kama mita za mraba 2.8. Mwanga wa projekta hupimwa kwa lumeni, na kipimo cha kuaminika ni kile cha ANSI, shirika la viwango la Marekani: unapima mwanga kwenye sehemu tisa za picha nyeupe, unatafuta wastani, unazidisha na eneo. Boksi lisilotaja ANSI linaweza kuandika namba yoyote inayompendeza mchapishaji. Hizi projekta ndogo za bei nafuu zikipimwa kwa haki, nyingi huishia kwenye lumeni mia mbili tatu. Gawanya 200 kwa 2.8: unapata luksi 71 ukutani, yaani lumeni 71 kwa kila mita ya mraba. Mchana wa Moshi, sebule yenye pazia wazi hupata luksi mia kadhaa bila hata jua kuingia ndani moja kwa moja. Dirisha limeshaishinda mashine yako mara kadhaa kabla hujaiwasha.

Ukichukua projekta ya kweli ya lumeni 3,000, kama ninazopeleka makanisani, unapata luksi zaidi ya 1,000 kwenye picha hiyo hiyo. Hiyo mchana utaiona, mradi ufunge mapazia. Rangi zitakuwepo, maandishi ya nyimbo yatasomeka. Lakini weusi bado utakuwa kijivu, na muvi yenye matukio ya usiku utaisikiliza zaidi ya kuitazama.

Kuna jambo watu hawaliamini nikiwaambia: picha ya jumba la sinema ina mwanga hafifu kuliko TV yao. Kiwango cha kawaida cha sinema ni niti 48 kwenye skrini, niti ikiwa kipimo cha mwanga unaotoka kwenye picha kuja machoni. TV ya kawaida hutoa niti 250 mpaka 350. Mbona hakuna anayetoka sinema akilalamika kwamba picha ilififia? Kwa sababu wenye sinema wamekununulia giza. Kuta nyeusi, zulia jeusi, mlango wenye pazia mbili. Giza ndiyo nusu ya mtambo, na sisi majumbani hatunalo.

Nyumba ya kijijini Kibosho au Marangu mlango wa mbele haufungwi mpaka jioni. Pazia ni zile nyepesi za neti, za urembo, maana mama anataka kuona nani anakuja njiani. Anatazama TV huku anachambua maharage, ananyanyuka, anarudi. Usiku taa inawaka, na akija mgeni ndiyo kabisa: nani atamkaribisha mkwe wake kwenye sebule yenye giza eti kuna tamthilia? Projekta inamtaka mtu akae, atulie, azime taa, afunge mlango. Huyo siyo mama ninayemjua mimi.

Shemeji alinyamaza tena, halafu akauliza, "Basi nichukue inchi ngapi?" Hapo tukaanza mazungumzo ya maana.

Nianze na majina, kwa sababu madukani yanatumika kuchanganya watu. TV nyingi zilizoandikwa LED ni LCD. Kuna kioo chenye vitundu vidogo vinavyofunguka na kufunga, na nyuma yake kuna taa. Hizo taa ndizo LED. QLED nayo ni LCD ile ile, ila kati ya taa na kioo kumewekwa tabaka la chembe ndogo mno, nukta za kwantumu, zinazosafisha rangi. Jina hilo Samsung walilianza mwaka 2017 na wengine wakafuata. LED ya bluu, ambayo bila yake hizo taa zisingekuwepo, iliwapa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Nobeli ya fizikia mwaka 2014. Nukta za kwantumu zikapata Nobeli ya kemia mwaka 2023. Kwa hiyo ukimpelekea mama QLED umemtundikia Nobeli mbili ukutani, na bado ataweka kitambaa cha kufuma juu yake. Mini-LED ni LCD pia, taa zake zikiwa ndogo na nyingi, zimegawanywa mafungu yanayoweza kuzimwa kila moja kwa wakati wake. Weusi unakuwa mweusi zaidi, bei nayo inapanda.

OLED ndiyo ya ukoo mwingine. Haina taa za nyuma kabisa. Kila nukta ya picha inawaka yenyewe na inazima yenyewe, kwa hiyo usiku wa kwenye muvi unakuwa usiku kweli. LG waliingiza sokoni OLED kubwa ya inchi 55 mwaka 2013, na kwa macho yangu hakuna picha nzuri kuliko hiyo kwenye chumba chenye giza. Lakini angalia TV ya kwetu inavyoishi. Inawashwa asubuhi na taarifa ya habari, inazimwa watu wakienda kulala, chaneli ni hiyo hiyo, nembo ya kituo iko kona ile ile, mstari mwekundu wa habari uko chini pale pale. Nukta za OLED huchakaa kadiri zinavyowaka, na zinazowaka kwa nguvu mahali pamoja siku nzima huchoka kabla ya jirani zao. Baada ya muda nembo inabaki kama kivuli hata ukibadilisha chaneli. Zina programu za kupunguza tatizo hilo, na kwa mtu anayetazama muvi zake mbili tatu jioni akazima, sioni hofu. Kwa sebule ya ukoo, hapana.

Na kuna suala la fundi. TV ya LCD ikiharibika, mara nyingi dalili ni moja: sauti ipo, picha hakuna. Washa tochi ya simu, iegemeze karibu na kioo kwa pembeni. Ukiona picha hafifu inacheza mle gizani, kioo ni kizima, taa ndizo zimekufa. Zile taa zimeungwa kwa mstari, moja ikikata, zote za mstari huo zinazima. Fundi wa Moshi mjini anaifanya hiyo kazi kila wiki: wanasimama wawili, wananyanyua kioo taratibu, wanatoa mikanda ya taa ya zamani, wanabandika mipya. Ni kazi ya kawaida kabisa. Kioo cha OLED kikifa unabadilisha kioo chote, na bei yake inakaribia kukushauri ununue TV nyingine. Ndiyo maana nawaambia watu wa Desemba wanunue kitu kinachotengenezeka hapa, wao Januari wanarudi zao Dar. Tena washushe ile baklaiti, yaani mwanga wa hizo taa za nyuma. TV nyingi hutoka dukani ikiwa kwenye mwanga wa juu kabisa. Ishushe mpaka inapotosha na hizo taa zitaishi muda mrefu zaidi.

Plasma za mtumba bado zinaonekana hapa na pale, nzito kama mlango wa chuma. Watengenezaji wakubwa waliachana nazo kufikia 2014 hivi, zinakula umeme, na wao wenyewe walikuwa wakionya kwamba ukizipandisha milimani zinaweza kuvuma. Zipite.

Sasa kiti. Sebule zetu hazikupangwa kama sinema. Makochi yanazunguka kuta tatu, stuli katikati, TV upande wa nne. Anayekaa mbele ya TV ni mzee peke yake. Wengine wote wanaitazama kwa ubavu. Vioo vya LCD viko vya aina kuu mbili. VA ina weusi mzuri, tofauti ya mweusi na mweupe hufika mara 3,000 hivi, lakini ukikaa pembeni rangi zinapauka. IPS inakaribia mara 1,000 tu, weusi wake ni kama majivu usiku, ila ukikaa pembeni picha inabaki ile ile. Wapimaji wa mitandaoni, wanaotazama wakiwa wawili kwenye kochi moja, wanasifia VA. Kwa makochi yaliyozunguka na taa inayowaka mimi nachukua IPS bila kufikiri mara mbili. Huo weusi wa VA taa ya dari ingeuua hata hivyo. Shemeji alichukua IPS ya inchi 50.

Haki ya projekta niiseme hapo hapo: ukuta usiong'aa unarudisha mwanga pande zote sawasawa. Aliyekaa kona na aliyekaa katikati wanaona picha moja. Kwenye shughuli hilo ndilo linalonipa kazi.

Na wapo watu ambao projekta ndiyo jibu lao. Kijana wa gheto pale Soweto au Pasua, hapa hapa Moshi, chumba cha futi kumi kwa kumi, dirisha moja, anatoka kazini jua limezama: huyo analo giza, tena bure. Hahitaji TV ya kuhama nayo kila mwenye nyumba anapopandisha kodi. Projekta anaiweka kwenye begi. Ila apime chumba kwanza. Projekta nyingi za kawaida huhitaji umbali wa kama mara moja na nusu ya upana wa picha. Inchi 100 inataka mita 3.3, na futi kumi ni mita 3 na ushee tu, bado projekta yenyewe haijapata pa kukaa. Ajiandae kwa inchi 80, inayotaka mita 2.7 hivi. Aliyeambiwa inchi 200 dukani aulize ni kwenye ukumbi wa nani.

Ukuta nao una mambo yake. Rangi ya maji nyeupe isiyong'aa inatosha kabisa, huna haja ya skrini ya kununua. Rangi ya mafuta ni balaa: katikati ya picha kunakuwa na doa la mwanga linalokufuata ukihama kiti. Plasta yenye chengachenga inaonyesha vivuli vyake kwenye nyuso za watu. Ukuta wa rangi ya maziwa unafanya kila kitu kiwe cha njano kidogo, na jicho huzoea, kwa hiyo hilo silipigii kelele.

Kitu ambacho wauzaji wa Dar hawakisemi, kwa sababu kule hakiwahusu, ni mwinuko. Projekta inapozwa na hewa, na huku kwetu hewa inapungua kadiri unavyopanda. Projekta nyingi za maana zina mpangilio wa mwinuko kwenye menyu, na vitabu vyake vya maelekezo kwa kawaida husema uuwashe ukiwa juu ya mita 1,500. Feni inazunguka kwa kasi zaidi kufidia hewa nyepesi. Moshi mjini tuko chini ya mita 1,000, hatuna habari. Arusha mjini ni kama mita 1,400, uko karibu na mstari, na wanaokaa juu zaidi kuelekea Meru wanauvuka. Geti la Marangu liko juu ya mita 1,800. Mimi nikipanda na mitambo kwenye kipaimara cha juu mlimani, hicho ndicho kitu cha kwanza ninachogusa nikiwasha. Projekta ndogo za bei nafuu hazina mpangilio huo. Zikichemka zinajizima katikati ya mechi, na mwenyewe anadhani ni umeme.

Umeme wenyewe. Projekta ya taa, ya kama wati 300, ukiitumia saa nne kila siku ni uniti 36 kwa mwezi. TV ya inchi 43 ya wati 80 ni uniti kama 10. Kwa mzee aliye kwenye kundi la matumizi madogo, lile lisilovuka uniti 75 kwa mwezi, projekta inakula karibu nusu ya nafasi yake na kumsukuma kwenye bei nyingine ya LUKU. Tena umeme ukikatika ghafla, feni inasimama wakati taa bado ni moto mkali. Taa hizo huishi saa elfu chache, na kukatika kwa namna hiyo kunazipunguzia umri. Za leza huvumilia zaidi, nyingi zimeandikiwa saa 20,000, na bei yake ni ya kanisa siyo ya sebule. TV au projekta, weka kifaa cha kulinda umeme. Hilo halina mjadala.

Msimu wa mvua ongeza kumbikumbi. Wakitoka jioni na dirisha limeachwa wazi, mwanga ulio mkali kuliko wote ndani ni wa lenzi. Mmoja akitua pale, ukutani anatokea mdudu wa ukubwa wa mbuzi anayetembea juu ya golikipa. Watoto hufurahi kuliko mechi.

Mpira ndio unaouza TV nyingi, na watu wameshaanza kupanga ukubwa kwa ajili ya AFCON ya 2027 ambayo sisi, Kenya na Uganda tumepewa kuiandaa. Hapa ukubwa unaweza kukugeuka. Chaneli isiyo ya HD huja na nukta 720 kwa upana. Zitandaze kwenye ukuta wa inchi 100 na kila nukta inakuwa na upana wa milimita 3. Mpira ukipigwa juu unapotelea kwenye nyasi. Kwenye inchi 43 nukta hizo hizo ni milimita 1.3, na jicho linasamehe. Upande wa pili, usilipie 4K, yenye nukta mara nne ya Full HD, kwa ajili ya inchi 43 utakayoikalia mbali mita 3: jicho zima haliwezi kuitofautisha na Full HD kuanzia mita 1.7 hivi. Siku hizi kuanzia inchi 43 ni shida kuipata isiyo 4K, sawa, ila usikubali kuongezwa bei kwa sababu hiyo. Na kama ni muvi za intaneti, 4K ya Netflix hula hadi gigabaiti 7 kwa saa dhidi ya 3 za HD. Bando la nani?

Dukani usitazame ile video ya kasuku na matunda yaliyokatwa. Imetengenezwa ili TV yoyote ipendeze. Nenda na flashi yako yenye muvi ya giza na kipande cha mechi. Mwombe muuzaji atoe ule mpangilio wa dukani aweke wa sinema au wa kawaida. Kwenye tukio la usiku angalia kona nne kama mwanga unavuja. Kisha sogea mpaka pembeni kabisa, pale ambapo kochi la shangazi lingekuwa, utazame kama nyuso zimepauka. Mwisho simama mbele picha ikiwa nyeusi: ukijiona wewe na tyubulaiti ya duka nyuma yako, na madirisha ya nyumbani utayaona hivyo hivyo. Kama ni projekta, mwombe awashe bila sauti usikilize feni, halafu awashe taa zote za duka. Akisita, umeshajibiwa.

Spika za TV bapa ni za kuombea radhi, lakini kila nyumba ina sabufa, kwa hiyo sipotezi muda hapo. Kwa projekta kumbuka tu kwamba king'amuzi kiko mbele na mashine iko nyuma ya chumba, na waya wa HDMI ukivuka mita 10 huanza kuleta matatizo. Utauvusha darini, na panya wa darini nao wana meno.

Ukishalipia, TV isafiri imesimama, hata kama ni basi la usiku na kondakta anakuapia kwamba amebeba mia. Ikilazwa, kila tuta la kutoka Dar mpaka Moshi linapiga katikati ya kioo, ambako hakuna kinachokishikilia. Lipia nafasi yake kwenye buti kama mzigo wa pekee, andika jina na namba ya simu kwenye boksi pande mbili, na ukifika stendi ifungue uiwashe pale pale kwenye duka la jirani kabla hujaitafutia gari ya kupanda nayo kijijini. Bodaboda hapana. Inchi 50 ina upana wa mita moja na kumi, na barabara ya Kibosho unaijua.